Vipandikizi Vilivyoota Majini, Vikafa Udongoni: Kisa cha Mani Planti za Kicheni Pati

Shughuli ilikuwa kicheni pati ya binti wa mdogo wake. Mama huyu, mkazi wa Mbezi, Dar es Salaam, alitaka kila mgeni aondoke na mmea mdogo mkononi badala ya lile bakuli la plastiki tulilolizoea. Gharama isingekuwa kubwa, maana barazani kwake kuna mani planti ya miaka mingi iliyopanda nguzo mpaka darini. Mwanzoni mwa Desemba akakata vipande 60 hivi, akavitia kwenye chupa za jemu, glasi na jagi la juisi, akavipanga dirishani sebuleni. Vikaota mizizi myeupe, mirefu, mpaka majirani wakapiga picha. Katikati ya Januari akavihamishia kwenye vyungu. Siku kumi hazijatimia, zaidi ya nusu vilikuwa vimelala.

Nilipofika, hata salamu haijaisha vizuri, akaniuliza: "Mwanangu, naimwagilia kila siku, asubuhi na jioni. Sasa inataka nini tena?"

Nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa kirefu kwa sababu ile hatua inayoogopwa, ya kuotesha mizizi, ilikwenda vizuri. Kilichoharibika ni kuhama. Tena kimeacha swali ambalo watu wengi wanaootesha majini hulipita bila kulitazama: mzizi uliozaliwa majini, ukaishi majini zaidi ya mwezi mzima bila shida, unawezaje kuoza kwa sababu ya maji?

Hali ilivyokutwa

Mimea haikupandwa kwa namna moja. Mama alitumia alichokuwa nacho, na hilo lilinirahisishia kazi.

Karibu nusu ilikuwa kwenye vikombe vyeupe vya kauri kutoka Kariakoo, vinapendeza sana ila havina tundu chini. Alitanguliza kokoto ili maji yapate pa kujificha, kisha akajaza udongo mweusi wa bustanini pamoja na samadi ya ng'ombe ya jirani anayefuga. Samadi yenyewe ilikuwa mbichi, bado inanuka zizi. Vikombe hivyo vilikaa sebuleni.

Kama robo hivi ilikuwa kwenye vyungu vidogo vya udongo wa kuchoma. Humo alitia mchanga na udongo kidogo tu, kwa kuwa muuza maua mmoja alimwambia mani planti haipendi kulowa. Vyungu hivyo vilipangwa kwenye ngazi za baraza, upande ambao jua hulipiga kuanzia saa tisa alasiri na kaskazi inapita bila kizuizi.

Vilivyobaki vilipandwa mwisho, baada ya udongo kuisha. Alinunua kiroba kimoja cha udongo uliokwisha kuchanganywa barabarani: udongo wa kichanga, maganda ya mpunga, na vumbi la makumbi ya nazi. Vyungu navyo vilikuwa vimeisha, basi akakata chupa za maji za plastiki, akazitoboa chini kwa msumari wa moto. Barazani hakukuwa na nafasi tena, kwa hiyo hizi zikaenda jikoni, karibu na dirisha lisilopata jua la moja kwa moja.

Kwa juu, makundi mawili ya kwanza hayakuwa na tofauti. Majani yamelegea, ya chini yanageuka njano, ncha zimekunjamana. Kundi la jikoni lilikuwa zima, isipokuwa vipande viwili vitatu.

Nikaomba ruhusa ya kumwaga baadhi ya vyungu, maana majani hayasemi ukweli wote. Vikombe vya kauri vilitoa harufu ya mtaro. Udongo wa chini ulikuwa uji mweusi, na mizizi ilikuwa ya kahawia na inateleza. Ukiukamata mmoja kati ya vidole na kuuvuta, ganda lake la nje linatoka lote na kukuachia uzi mwembamba wa katikati. Hiyo ndiyo alama ya mzizi uliooza, haihitaji maabara. Vyungu vya ngazini vilikuwa kinyume kabisa. Mchanga ulimwagika wote bila kushikana na mzizi hata mmoja. Mizizi ilikuwa myembamba, ya rangi ya nyasi kavu, ukiikunja inakatika, na hapakuwa na harufu yoyote. Pembeni mwa vyungu hivyo kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi. Kwenye chupa za jikoni, donge la udongo lilitoka likiwa limeshikwa na mizizi, na pembeni mwa ile mizizi ya zamani vilikuwa vimechomoza vijizizi vipya vyeupe.

Kwa maneno mengine, katika nyumba moja, kwa mimea ya mama mmoja, kulikuwa na vifo viwili vya sababu zinazopingana, vyenye dalili moja. Na dawa iliyotolewa kwa vyote ilikuwa moja: kuongeza maji.

Niseme mapema kwamba hili si jaribio la kisayansi. Makundi yale yalitofautiana kwa udongo, chombo, mwanga na umwagiliaji kwa wakati mmoja, kwa hiyo huwezi kunyoosha kidole kwenye jambo moja kwa kulinganisha hesabu tu. Ushahidi ninaoutegemea ni mizizi yenyewe.

Je, tatizo lilianzia kwenye chupa?

Kabla ya kuulaumu udongo tulirudi nyuma kuangalia alivyokata na kuotesha.

Mani planti, Epipremnum aureum kwa jina la kitaalamu, asili yake ni kisiwa cha Moorea katika Polinesia ya Kifaransa. Haichanui karibu kamwe. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba ina hitilafu kwenye jeni inayohusika na kutengeneza jibereli, homoni inayohitajika ili maua yatoke. Isipochanua haitoi mbegu. Maana yake ni kwamba mani planti unazoziona kwenye nyumba za watu, kutoka Mbezi hadi Muscat, ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye kipande kilichokatwa kutoka kwenye kipande. Mmea wenye historia kama hiyo hausumbui kuota. Chini ya kila jani, pale kwenye kifundo, kuna kinundu cha kahawia ambacho tayari ni mzizi unaosubiri unyevu.

Kinachousukuma mzizi huo ni oksini, homoni inayotengenezwa kwenye machipukizi na majani machanga na kusafiri kuelekea chini. Mwaka 1928 Frits Went, kijana wa Kiholanzi aliyekuwa Utrecht, alionyesha kwa michipukizi ya nafaka ya oti kwamba ncha ya mmea hutoa dutu inayoshuka na kuamuru ukuaji. Miaka michache baadaye ikajulikana kwamba dutu hiyo hiyo huchochea mizizi. Ukikata tawi, oksini inafika kwenye kidonda na haina pa kuendelea, inajikusanya hapo, na mizizi inaanza. Kifundo kinatakiwa kiwe ndani ya maji. Jani linatakiwa libaki nje.

Mama alikata vizuri, kwa mkasi mkali, chini kidogo ya kifundo. Vipande vichache tu vilikuwa jani na kikonyo chake, bila kifundo. Hivyo vingeweza kukaa kijani kwa miezi, hata pengine kutoa mizizi, lakini visingetoa chipukizi kamwe. Tuliviondoa kwenye hesabu.

Maji aliyotumia kwenye chupa yalikuwa ya bomba. Wapo wanaosema klorini ndiyo inayoua vipandikizi. Hapa haikuua chochote, mizizi ilijaa. Mwenye wasiwasi ayaache maji kwenye ndoo wazi usiku mmoja ndipo ayatumie.

Alibadilisha maji kila baada ya siku tatu au nne, jambo ambalo nalisifu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hewa, nitaieleza hapa chini. Ya pili ni mbu. Aedes aegypti, yule mbu mwenye madoa meupe anayeuma mchana na kuambukiza homa ya dengi, anapenda maji safi yaliyotuama ndani ya nyumba, na chupa ya maua inamtosha kabisa. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Katika joto letu, yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa wiki moja hadi siku kumi. Kumwaga maji tu hakutoshi, kwani mayai hugandishwa ukutani mwa chombo juu kidogo ya usawa wa maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri. Chupa isuguliwe. Anayeotesha vipandikizi sebuleni bila kusugua chupa anafuga.

Ninachokihoji kwenye hatua ya maji ni muda. Mizizi ilikuwa tayari mwishoni mwa wiki ya tatu, lakini mama alisubiri ili iwe mingi zaidi. Iliporefuka ikafika urefu wa kiganja na kupita, ikasukana ndani ya jagi, na siku ya kupanda ilibidi aitenganishe kwa kuvuta. Mizizi ya majini ni laini, inakatika haraka, na kila inapokatika ni kidonda kinachokwenda moja kwa moja kwenye udongo. Urefu ule uliopendeza kwenye picha haukuwa na faida yoyote. Mzizi wa sentimita 3 hadi 5, ulioanza kutoa matawi madogo pembeni, unahama vizuri kuliko wa sentimita 20, kwa sababu bado una sehemu kubwa ya ukuaji mbele yake, na ukuaji huo utafanyika udongoni.

Mzizi wa majini unavyouawa na maji

Turudi kwenye swali.

Mzizi unapumua. Unahitaji oksijeni ili ufanye kazi, na unaipata kutoka kwenye kile kinachouzunguka. Lita moja ya hewa ina takriban miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji yenye nyuzi 28, joto la kawaida la sebule za Dar, haibebi zaidi ya miligramu 8, hata yakitikiswa vipi. Tena ndani ya maji oksijeni husambaa polepole, mara 10,000 hivi kuliko hewani. Kwa hiyo mzizi wa majini unaishi kwa ufukara, na mimea mingi huuzoea ufukara huo kwa kujenga mizizi yenye nafasi za hewa ndani yake, zinazoshusha oksijeni kutoka juu.

Lakini ufukara wa chupani ni wa kuaminika. Maji yanabadilishwa, hakuna uchafu wa kulisha bakteria, na mizizi iko karibu na uso wa maji. Kila siku kuna kidogo, na kidogo hicho kinatosha.

Sasa tazama kikombe cha kauri. Udongo mzito una vijitundu vidogo sana. Ukilowa, maji yanavijaza vyote na hewa inatoka. Samadi mbichi ni chakula cha bakteria, nao bakteria wanapumua kuliko mizizi. Kwenye joto lile wanaweza kuimaliza oksijeni ya udongo uliolowa kwa muda mfupi sana, kisha wanakuja wengine wasioihitaji kabisa, na hao ndio wanaotoa ile harufu ya mtaro. Samadi mbichi inaongeza pia amonia na chumvi zinazounguza mizizi michanga. Katika hali hiyo vijidudu vya aina ya Pythium, vinavyofanana na kuvu na ambavyo vijimbegu vyake huogelea kwenye maji ya udongo, vinakuta mizizi dhaifu iliyojaa majeraha ya kukatwakatwa siku ya kupandwa.

Kwa hiyo maji peke yake hayana hatia. Kilichoua ni maji yasiyo na hewa. Ndani ya chupa mzizi ulikuwa na maji mengi na hewa kidogo. Ndani ya kikombe ulikuwa na maji pungufu ya hayo, na hewa hakuna.

Kokoto za chini hazikusaidia, na hapa najua nitabishana na wengi, maana ushauri wa kokoto umeenea kila bustani ya maua. Chukua dodoki lililolowa, lisimamishe wima: litachuruzika, kisha litaacha, na sehemu ya chini itabaki imejaa maji ambayo hayatoki bila kukamuliwa. Udongo wa kwenye chungu unafanya hivyo hivyo. Maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo ukiweka tabaka la kokoto unachofanya ni kulipandisha lile eneo la matope juu zaidi, karibu na mizizi. Kwenye kikombe kisicho na tundu, kokoto zinageuka kisima kidogo kisichoonekana.

Vilivyokauka

Vya ngazini vilikufa kwa kiu huku vikimwagiwa mara mbili kwa siku.

Mzizi uliokulia udongoni una vinyweleo vidogo vidogo karibu na ncha, vinavyojipenyeza kati ya chembe za udongo na kunyonya utando mwembamba wa maji uliozizunguka. Mzizi uliokulia majini, kwa mimea mingi, una vinyweleo vichache au hauna kabisa, kwa sababu haukuvihitaji. Ukiutia kwenye mchanga mtupu, unagusa chembe chache tu. Maji ya asubuhi yanapita na kutoka, chungu cha udongo wa kuchoma kinavuja unyevu kupitia kuta zake, upepo unamalizia, na kufika mchana mzizi uko hewani, japo kwa macho umezikwa.

Juu ya hapo, majani yalikuwa yametoka sebuleni kwenye mwanga wa kadiri yakapelekwa juani siku ile ile ya kupandwa. Yalidai maji mengi kuliko wakati mwingine wowote, siku ambayo mizizi ilikuwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Nadhani hili lingetosha kuyalegeza hata kama udongo ungekuwa mzuri.

Ule ukoko mweupe nao una habari yake. Wiki ile bomba lilikuwa limekata, mama akatumia maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda huo wa pwani vina chumvichumvi. Chumvi ikibaki kwenye udongo wakati maji yanapokauka, inafanya mzizi ushindwe kunyonya hata maji yaliyopo. Sidhani ndiyo iliyoua, muda ulikuwa mfupi, lakini iliongeza mzigo.

Kundi la jikoni lilipona kwa mambo ya kawaida tu. Maganda ya mpunga yaliacha nafasi za hewa, vumbi la makumbi lilishika unyevu wa kutosha kugusa mizizi isiyo na vinyweleo, matundu yalitoa maji ya ziada, na kivuli cha jikoni kilipunguza madai ya majani. Tena kwa sababu jikoni hapaonekani na wageni, halikumwagiliwa kila siku.

Uokoaji

Zilikuwa zimebaki wiki sita na kitu kabla ya shughuli.

Vya kauri vilivyooza havikuwa na mizizi ya kuokoa, lakini mashina ya vingi yalikuwa bado magumu juu ya udongo. Tulikata kwa wembe uliopitishwa kwenye spiriti, tukisogea juu mpaka pale ambapo sehemu ya ndani ya shina ilikuwa ya kijani safi, bila duara la kahawia. Vilivyobaki na kifundo vilirudi majini. Visivyobaki na kifundo vilitupwa. Udongo wake haukutumika tena kwenye vyungu.

Vya ngazini tulivipeleka kivulini, vikalowekwa chungu na vyote kwenye ndoo mpaka mapovu yakaacha kutoka, kisha kila kimoja kikafunikwa kwa nusu ya chupa kubwa ya maji ya kunywa. Zamani ungefunika kwa mfuko wa nailoni, ila tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, na kwa kazi hii chupa ni bora hata hivyo, haiangukii majani. Unyevu ukibaki ndani ya chupa, jani halidai sana, mzizi unapata nafasi. Karibu nusu ya hivyo viliamka. Vingine vilikuwa vimevuka mpaka.

Halafu tukakata vipande vipya barazani. Safari hii vifupi, kifundo kimoja au viwili na jani moja au mawili, kwa sababu kipande kirefu chenye majani sita ni kundi la walaji sita wanaomsubiri mpishi mmoja ambaye bado hajafika. Maji yalifika kwenye kifundo tu, hayakujaa mpaka shingoni mwa chupa. Tulichagua chupa za rangi ya kahawia zilizokuwepo, kwa kuwa mwanga unaotua kwenye maji unaleta mwani wa kijani, na oksini yenyewe huharibiwa na mwanga. Si lazima, lakini zilikuwepo.

Mama aliniuliza kuhusu asprini, sukari, mdalasini na asali, vyote alivyovisoma mahali. Sukari kwenye maji ya sebuleni inalisha bakteria, basi. Hivyo vingine sikuona sababu ya kuvitumia kwa mmea ambao kila kifundo chake kina mzizi tayari. Akauliza pia kuhusu ile mbinu ya kutia udongo kijiko kimoja kimoja kwenye chupa mpaka maji yageuke udongo, ili mzizi "uzoee". Siipendi. Kinachotokea katikati ya safari hiyo ni tope kwenye chombo kisicho na tundu, yaani kile kile kikombe cha kauri, ila taratibu.

Mizizi ilipofika sentimita 4 hivi, tulipanda. Mchanganyiko ulikuwa sehemu mbili za udongo wa kichanga wa juu, moja ya maganda ya mpunga, moja ya vumbi la makumbi lililoloweshwa na kukamuliwa mara kadhaa, maana makumbi ya pwani huwa na chumvi. Samadi hakuna kabisa mpaka jani jipya litoke. Udongo ulilowanishwa kwanza kwenye beseni, ukawa wa kushikana ukifumbatwa bila kudondosha maji. Ukipanda kwenye udongo mkavu halafu ukamwagilia, maji hupita pembeni na kuacha mifuko mikavu. Mizizi iliwekwa kwenye shimo lililokwisha kuchimbwa kwa kidole, ikafunikwa bila kushindiliwa, chungu kikagongwa mezani mara moja mbili ili udongo ujipange. Kisha maji, yakatoka chini, yakaachwa yaishe.

Vile vikombe vya kauri havikupotea bure. Kila mmea ulikaa kwenye kikopo chembamba chenye matundu, na kikopo kikatumbukizwa ndani ya kikombe. Siku ya kumwagilia unakitoa, unamwagilia kwenye sinki, unasubiri kichuruzike, unakirudisha. Wageni wataona kauri tu.

Siku kumi na kitu za kwanza ndizo zinazotaka uangalizi. Udongo uendelee kuwa na unyevu, usiachwe ukauke kama unavyoshauriwa kwa mani planti kubwa, kwani ule ushauri ni wa mmea wenye mizizi ya udongoni na huu bado haunayo. Lakini unyevu haupimwi kwa ratiba. Mama alifundishwa kuinua kikopo: kikiwa chepesi ndipo kinywe. Jani likilegea mchana na kusimama jioni, kiache. Likilegea na kikopo ni kizito, usiongeze hata tone. Baada ya hapo acha juu pakauke kidogo kati ya maji na maji, ili mizizi mipya ishuke kutafuta. Ukivuta shina kidogo na likakataa, limeshika. Jani jipya likifunguka, unaweza kuanza mbolea nyepesi na kulisogeza kwenye mwanga zaidi.

Vichache vilikufa tena, kama kawaida ya vipandikizi. Ndiyo maana tulikata vingi kuliko idadi ya wageni.

Nikiulizwa kama kulikuwa na haja ya kupitia majini kabisa, jibu langu ni hapana. Kwa mani planti, ambayo safari yake ni ya kwenda udongoni, kifundo kingewekwa moja kwa moja kwenye mchanganyiko ule ule, kivulini, chini ya chupa, kingetoa mizizi ya udongoni tangu mwanzo na hatua nzima ya kuhama isingekuwepo. Maji yanashinda kwa jambo moja: unaona. Kwa mtu anayeanza, au kwa mmea usioujua, kuona kuna thamani yake. Zizi planti, ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, inaweza kukaa majini miezi bila kuonyesha kitu, na bila kioo ungeshaifukua mara kadhaa kuichungulia. Mama kwa upande wake alikataa katakata kuacha chupa. Alisema anapenda kuzitazama, na hilo sikuwa na la kulijibu.

Lilibaki kundi moja, vipande vya ile aina yenye mabaka meupe. Sehemu nyeupe ya jani haina kijani cha kutengenezea chakula, kwa hiyo huota polepole, na wiki mbili kabla ya shughuli vilikuwa na mizizi ya sentimita moja tu. Kuvihamisha wakati huo kungekuwa kuvipeleka kwa wageni vikiwa katikati ya ugonjwa wa kuhama. Tuliamua vitolewe hivyo hivyo, kwenye vichupa vyake, na maji ndani. Mani planti inaweza kuishi majini kwa miaka ikibadilishiwa maji na kupewa mbolea ya maji iliyochujuliwa sana, robo ya kipimo cha kwenye kopo, mara moja kwa mwezi. Kadi iliyofungwa shingoni ilikuwa na mambo matatu: sugua chupa kila wiki, weka mbali na watoto wadogo na paka, kwa kuwa majani yana fuwele za kalsiamu oksaleti zinazochoma mdomo na koo yakitafunwa, na usiweke juani.

Baadaye mgeni mmoja alimuuliza mama kama anaweza kuhamishia cha kwake udongoni hapo mwakani, akishapata chungu anachokipenda. Mama akanipa simu nijibu. Nilimwambia asiihangaikie mizizi iliyokaa majini mwaka mzima. Akate ncha ya tawi yenye vifundo viwili, aioteshe upya au aizike moja kwa moja, na ile ya zamani aiache kwenye chupa yake.